Kaunta buku la getini

Ni kaunta buku la kwaya nne, jalada gumu, na kalamu ya bluu iliyofungwa kwa uzi wa nailoni ili isiondoke na mgeni. Mistari imechorwa kwa rula: tarehe, jina, namba ya simu, anakotoka, anakwenda kwa nani, sababu, saa ya kuingia, saa ya kutoka, sahihi. Kwenye safu ya sababu karibu kila mtu ameandika neno moja, "kikazi", na anayemfuata amechora vialama viwili kuonyesha kwamba yeye ni kama huyo wa juu. Kurasa za mwanzo zimekunjika pembe na zina duara za vikombe vya chai.

Daftari hilo lilikaa juu ya meza ya mlinzi mahali nilipofanya kazi kwa miaka mingi, Dar es Salaam, nikiwa mmoja wa watu wawili tuliotunza chumba cha seva, yaani kompyuta zinazohudumia ofisi nzima. Kila asubuhi nililipita. Nilimwamkia mzee shikamoo, akaniitikia marahaba mwanangu, nikapanda ngazi. Sikuwahi kulisoma hadi usiku mmoja wa Ijumaa.

Asubuhi ya siku hiyo storeji yetu, yaani ile mashine kubwa ambayo seva nyingine zote hutunzia mafaili yake, ilizimika ghafla. Dakika thelathini baadaye ikawaka yenyewe. Hifadhidata mbili ziliharibika na ofisi nzima ikasimama. Tulihangaika hadi jioni kurudisha huduma, na zilipotulia ndipo hofu yenyewe ilipoanza, kwa sababu mashine ile haizimiki hovyo. Ina pawa saplai mbili na waya mbili za umeme, kila moja kwenye njia yake, ili moja ikifa nyingine ibebe mzigo. Mtu akikwambia storeji ya namna hiyo imezimika ghafla, ikakaa kimya, kisha ikarudi, wazo la kwanza ni kwamba kuna mtu ndani ya mtandao wako.

Basi tukawasaka wavamizi. Tulipekua logi, yaani kumbukumbu, za fayawali, ule mlango wa mtandao unaozuia wasioruhusiwa, tukabadilisha nywila zote za wasimamizi, tukamwamsha mtaalamu wa nje. Storeji ilikuwa imeandika kwamba umeme ulipotea saa 07:12. Hakuna aliyekuwa amefika kazini saa hiyo, na hilo likatutisha zaidi. Ilituchukua zaidi ya saa moja kukumbuka kwamba saa ya storeji ilikuwa imewekwa kwenye muda wa kimataifa, ulio nyuma yetu kwa saa tatu. Tukio lilikuwa limetokea saa 10:12. Kijana mwenzangu akashuka getini, akapiga picha kurasa za siku hiyo, akaziingiza kwenye jedwali na kulipanga kwa saa. Karibu na 10:12 hapakuwa na mgeni yeyote. Alikuwepo mmoja tu wa ajabu, aliyeingia saa 4:05 na kutoka 4:50, na jedwali lilikuwa limemsukuma juu kabisa, alfajiri, wakati geti limefungwa kwa kufuli.

Mlinzi wetu alikuwa ameandika kama anavyosema. Saa nne na dakika tano. Asubuhi.

Jina lililoandikwa lilikuwa "Fundi AC". Anakotoka: "kampuni". Namba ya simu ilikuwa na tarakimu tisa. Tulipompata, kwa msaada wa mwenye jengo aliyemtuma bila kutuarifu, alikuwa mtu mwungwana kabisa na alieleza kila kitu bila kuficha. Kiyoyozi kilikuwa kinavuja maji, alihitaji soketi ya kuchomekea pampu yake, akaona nyuma ya raki, kabati la chuma linalobeba mashine, waya mbili zinazoingia kwenye mashine moja, akachomoa mmoja akiamini kwamba uliobaki unatosha. Ungetosha kweli. Lakini pawa saplai ya pili ilikuwa imekufa wiki kadhaa kabla, na taa yake ya njano ilikuwa inawaka mgongoni mwa raki, mahali ambapo sisi hatukupita. Alipomaliza akaurudisha waya mahali pake, akabeba ngazi yake, akamshukuru mzee na kwenda zake.

Tukio moja lilikuwa limeandikwa kwa saa tatu tofauti katika madaftari yasiyojuana. Mashine iliandika 07:12. Sisi tukasema 10:12. Mlinzi akaandika nne na ushei. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Sisi madaftari tulikuwa nayo hadi yakazidi, na habari haikutufikia mpaka usiku wa manane.

Tangu siku hiyo sijaweza tena kuwasikiliza watu wanaougawa ulinzi wa vituo vya data mafungu mawili: huku walinzi, kufuli, uzio na kamera, kule fayawali, nywila na wataalamu wa kompyuta. Katika maofisi mengi niliyoyaona, mafungu hayo hayako hata kwenye idara moja. Mlinzi yuko chini ya utawala, au ni wa kampuni ya ulinzi iliyopewa mkataba. Mtu wa mtandao yuko chini ya TEHAMA. Fundi umeme na fundi viyoyozi wako chini ya mwenye jengo. Wanakutana kwenye foleni ya chai, na siku ya ajali. Mwizi naye hana idara. Anapita pale ambapo fungu moja limeishia na jingine halijaanza.

Wakati mwingine anapita ukutani kabisa. Chicago, Oktoba 2007, wezi waliovaa barakoa walikata ukuta wa kituo kimoja cha data kwa msumeno wa umeme, wakampiga mfanyakazi wa zamu ya usiku kwa shoti ya umeme, wakaondoka na seva za wateja. Ilikuwa mara ya nne kwa kituo hicho kuvunjwa katika muda wa miaka miwili hivi. Desemba mwaka huohuo, London, wanaume waliovaa sare za polisi walifika kwenye kituo kingine, wakawaambia wafanyakazi kwamba kuna watu wameonekana juu ya paa. Wakafunguliwa. Wafanyakazi wakafungwa kamba, vifaa vikabebwa. Kisa cha London ndicho kinachonikaa zaidi rohoni, kwa sababu hakuna kufuli lililovunjwa pale. Kilichofungua mlango ni heshima kwa sare. Kwetu sare si lazima iwe ya polisi. Ovaroli ya bluu na ngazi begani vinatosha, na ukiongeza "nimetumwa na bosi" hata mzee wa miaka ishirini kazini anasita kukuuliza zaidi, maana anajua anachoweza kupata akimzuia mtu wa bosi.

Turudi kwa fundi wa viyoyozi. Mwishoni mwa 2013 maduka ya Target ya Marekani yaliibiwa taarifa za kadi za malipo takriban milioni 40, na taarifa binafsi za wateja wanaofikia milioni 70. Wezi walianza na kampuni ndogo ya majokofu na viyoyozi ya Pennsylvania iliyokuwa ikiyahudumia maduka hayo. Waliiba nywila ambazo kampuni hiyo ilitumia kuingia kwenye mfumo wa Target kwa ajili ya ankara na mikataba, na kutoka hapo wakasogea hatua kwa hatua hadi kwenye mashine za kulipia. Fundi mwenyewe hakugusa kitu. Aliyeingia alikuwa amevaa jina lake.

Ndani ya chumba cha data mambo ni mazito zaidi, kwa kuwa kila kifaa cha kulinda siku hizi ni kompyuta. Kiyoyozi kina anwani ya mtandao. UPS, mashine ya betri inayobeba mzigo umeme ukikatika, ina anwani ya mtandao, kadi ndogo iliyochomekwa mgongoni ili fundi aone hali ya betri akiwa nyumbani kwake. Machi 2022 taasisi ya Marekani ya usalama wa mtandao, CISA, pamoja na Wizara ya Nishati ya nchi hiyo, ziliwaonya wenye UPS kwamba wavamizi wanaziingia, mara nyingi kwa nywila zilezile zilizotoka nazo kiwandani, na kuwashauri waziondoe kwenye intaneti. Nilipousoma ule waraka nilikwenda moja kwa moja kuangalia ya kwetu. Nywila ilikuwa ya kiwandani. Anayeingia humo haibi faili hata moja, lakini anaweza kuuzima umeme wa chumba kizima, tena kupitia kifaa kilichonunuliwa ili umeme usizimike.

Kuna na kitu kingine ambacho wenye seva wengi hawakijui kabisa. Ndani ya karibu kila seva ya kiofisi mna kompyuta ndogo iliyosolewa kwenye ubao mama, inayofanya kazi hata seva yenyewe ikiwa imezimwa, mradi waya wa umeme umechomekwa. Kazi yake ni kumwezesha msimamizi aliye mbali kuiwasha seva, kuizima, kuona kioo chake na hata kuweka mfumo endeshi upya. Ukiimiliki hiyo umeimiliki seva, na programu ya kuzuia virusi iliyo juu haitajua lolote. Ina tundu lake la mtandao mgongoni, na nimeona mahali pengi tundu hilo limechomekwa kwenye swichi ya mtandao ileile ya kompyuta za mapokezi.

Kamera nazo zina safari yake. Machi 2021 wavamizi walipata jina na nywila ya msimamizi mkuu wa kampuni ya kamera ya Verkada, iliyokuwa imeachwa wazi kwenye intaneti, na kupitia hapo wakazitazama kamera takriban 150,000 za wateja wake: hospitali, magereza, viwanda. Ukitaka kujua mlinzi anasinzia saa ngapi, huhitaji kukaa nje ya geti. Kamera yake mwenyewe itakwambia.

Na kadi za mlangoni. Kadi nyingi za bei nafuu tunazoning'iniza shingoni hazina siri yoyote ndani yake. Zikikaribia msomaji zinataja namba yake kwa sauti, na kifaa kidogo cha mkononi kinaweza kuisikia na kuitengenezea pacha kwa sekunde chache, mkiwa mmesimama kwenye lifti. Siwaambii watu wazitupe. Nawaambia kadi peke yake isiwe neno la mwisho kwenye mlango wa seva, iongezewe namba ya siri au kidole, na logi za mlango zisomwe na mtu anayejua nani yuko likizo. Kadi ya mtu aliye likizo Tanga ikifungua mlango Kijitonyama, hiyo ni habari, na kwenye mifumo mingi inalala humo hadi mwaka unaisha.

Wezi nimewaongelea sana. Moto ndio unaonikosesha usingizi.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi 2021, mjini Strasbourg, Ufaransa, moto ulianzia kwenye chumba cha umeme cha jengo la kampuni ya OVHcloud lililoitwa SBG2. Jengo la ghorofa tano likateketea lote, na sehemu ya jirani yake, SBG1, ikaungua pia. Tovuti zaidi ya milioni tatu na nusu zilipotea hewani. Ripoti ya zimamoto iliyotoka mwaka uliofuata ndiyo ninayowaomba wenzangu waisome, kwa sababu hakuna hata neno moja la wavamizi ndani yake. Hapakuwa na mfumo wa kuzima moto unaojiwasha wenyewe. Sakafu zilikuwa na mbao zilizohesabiwa kuhimili moto kwa saa moja. Jengo lilisanifiwa lipitishe hewa ya nje ili kupoza seva bila gharama, na usiku ule uwazi huohuo ukawa bomba la moshi, ukavuta moto juu. Hapakuwa na swichi moja ya kukata umeme wa eneo lote, na ilichukua takriban saa tatu kuukata. Zimamoto walifika mlangoni wakakuta cheche za umeme zenye urefu wa zaidi ya mita zikiruka.

Asubuhi mwanzilishi wa kampuni, Octave Klaba, aliwaandikia wateja waanzishe mipango yao ya kujiokoa na maafa. Wengi hawakuwa nayo. Na wako waliokuwa wakilipia nakala rudufu kila mwezi, wakagundua siku hiyo kwamba nakala ilikuwa imewekwa kwenye jengo lilelile. Baadhi yao walikwenda mahakamani. Ukiwa na vyeti viwili vya kuzaliwa na vyote uko navyo kwenye sanduku moja, una cheti kimoja.

Ungetarajia dunia nzima ingekuwa imejifunza. Tarehe 26 Septemba 2025, mjini Daejeon, Korea Kusini, kwenye kituo cha taifa kinachotunza mifumo ya serikali, mafundi walikuwa wakizichomoa betri za lithiamu za UPS ili zihamishwe mbali na seva. Narudia, kazi yenyewe ilikuwa ya usalama: betri zilikuwa karibu mno na seva, na zilikuwa zimevuka muda wa udhamini wake wa miaka kumi. Betri moja ikalipuka, moto ukashika. Ulichukua karibu saa 22 kuzimwa kabisa. Mifumo zaidi ya mia sita ya serikali ilisimama, na 96 kati yake iliungua yenyewe. Miongoni mwa iliyoungua ni G-Drive, hifadhi ambamo watumishi wa umma walitunzia mafaili yao ya kazi, terabaiti 858. Haikuwa na nakala mahali pengine. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba ilikuwa kubwa mno kunakiliwa.

Nchi yenye intaneti ya kasi kuliko karibu nchi zote duniani. Mafaili ya kazi ya miaka, ya watu waliotii agizo la kuyaweka humo. Nimelifikiria mara nyingi hilo neno "kubwa mno". Hatusemi hivyo kuhusu daftari la madeni la dukani. Linavyozidi kunenepa ndivyo tunavyozidi kuogopa kulipoteza.

Hata dawa ya moto ina adabu zake. Septemba 2016 benki moja mjini Bucharest, Romania, ilifanyia majaribio mfumo wake wa gesi ya kuzimia moto. Gesi ilitoka kwenye midomo ya mabomba kwa mshindo mkubwa kiasi kwamba mtikisiko wa sauti uliua diski za seva, na huduma za kadi na mashine za pesa zikasimama kwa saa kumi hivi. Hapakuwa na moto. Kwa hiyo mtu anayekuuzia gesi, muulize kuhusu sauti, na muulize mwenye jengo ni nani anayejua kuisimamisha ikianza kutoka watu wakiwa ndani.

Na mlango ukiwa mgumu kupita kiasi? Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, WhatsApp na Instagram vilitoweka duniani kote kwa takriban saa sita. Amri iliyotolewa wakati wa matengenezo iliukata uti wa mgongo wa mtandao wao wenyewe, na kwa kuwa zana za wahandisi zilipita kwenye mtandao huohuo, hawakuweza kurekebisha kwa mbali. Ikabidi watu waende kwenye vituo kwa miguu yao. Kampuni yenyewe ilieleza baadaye kwamba kuingia kulichukua muda kwa sababu vituo vimejengwa viwe vigumu kuingilika, na ukishaingia, vifaa vyake ni vigumu kuvigeuza hata ukiwa umevishika mkononi. Mimi sioni kosa katika ugumu huo. Ninachokiona ni kwamba ufunguo wa dharura lazima uwe kitu cha kushika, uwe kwenye kasha lililofungwa kwa lakiri, na anayelifungua aandike jina lake.

Huku pwani yetu kuna maadui ambao vitabu vya Ulaya huwapa aya moja. Chumvi ya baharini ni mmoja wao. Inaingia na hewa, inakaa kwenye mapezi ya alumini ya kiyoyozi kilicho nje na kuyala polepole. Joto ni jingine. Viwango vinavyotumika sana vinashauri hewa inayoingia kwenye seva iwe kati ya nyuzi 18 na 27, na mchana wa Februari Dar es Salaam haukupi hata moja ya hizo bure. Kiyoyozi kikizimika kwenye chumba kidogo chenye raki tatu zilizojaa, una dakika chache tu kabla mashine hazijaanza kujizima zenyewe. Ndiyo maana kumpokea fundi wa AC ni jambo zito. Humpendi aingie bila taarifa, na huwezi kuishi bila yeye.

Umeme ndiyo habari ya kila siku. Karibu Kenya nzima ilipoingia gizani usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta uliingia nao, abiria wakakaa kwenye kumbi zenye giza, kwa kuwa jenereta mojawapo lilishindwa kuwaka lilipohitajika. Jenereta lipo, mafuta yapo, na haliwaki. Kila anayetunza chumba cha seva anaijua hofu hiyo, na sababu yake mara nyingi huwa ndogo mno, kama betri ya kuwashia ambayo hakuna aliyeipima tangu iliponunuliwa.

Kisha kuna nyaya za chini ya bahari. Mei 2024 kebo mbili, EASSy na Seacom, zilikatika kusini huko, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Waliokuwa na seva zao hapahapa nchini waliendelea kuhudumiana. Waliokuwa wamepeleka kila kitu nje walikaa wakitazama duara likizunguka kwenye kioo. Mwaka uliotangulia, Julai 2023, mfumo wa eCitizen wa Kenya ulizidiwa na wimbi la maombi bandia, wananchi wakashindwa kupata huduma za serikali, na hapo hakuna aliyegusa kebo wala kuruka ukuta. Sheria tunazo, ya Kenya ya 2019 ya ulinzi wa data na ya Tanzania ya 2022 ya taarifa binafsi, na zote zinamdai anayetunza taarifa za watu azilinde. Ningependa kuona wakaguzi wakianza ukaguzi wao getini, wakifungua kaunta buku kabla ya kufungua kompyuta.

Maana aliyeko getini ndiye tunayemlipa kidogo kuliko wote. Analinda lindo la saa kumi na mbili. Hajawahi kuingia kwenye chumba anachokilinda. Hajui seva inafananaje, hajui kwa nini mtu aingie nayo au atoke nayo, wala hajui kwamba diski moja ndogo ya kiganjani inaweza kubeba mishahara ya watu wote wa jengo. Tunamwambia "usimruhusu mtu", kisha sisi wenyewe tunapita tukiongea na simu, mlango haujafungwa mgeni ameshatufuata nyuma, na akimwuliza tunamwambia yuko na mimi.

Baada ya Ijumaa ile jambo la kwanza tulilofanya halikugharimu senti. Tulimpandisha mzee juu, yeye na mwenzake wa zamu ya usiku, tukawafungulia chumba. Mzee alisimama mbele ya raki mikono nyuma, akasikiliza vile feni zinavyovuma, akauliza zile taa za kijani zinamaanisha nini. Tukamweleza kwamba kijani ni salama na njano ni tatizo. Akazunguka nyuma ya raki, mahali tusipopita. Wiki ya tatu alinipigia simu saa mbili usiku: "Mwanangu, huku nyuma ile ya chini imekuwa njano." Pawa saplai nyingine ilikuwa imekufa.

Mengine yalifuata. Fundi hapokelewi mpaka jina lake litumwe getini na mmoja wetu, na akiingia anakaa na mtu hadi atoke. Soketi za mafundi zilipakwa rangi nyekundu na kuwekwa mbali na raki. Saa za mashine zote zinalingana, na daftari likaongezwa safu moja, saa inaandikwa mara mbili, ya Kiswahili na ya kompyuta. Jioni mwenzangu hupiga picha ukurasa wa siku na kuulinganisha na logi za mlango. Nakala rudufu inakaa Dodoma, na mara moja kila robo mwaka tunaifungua kweli na kurudisha faili, kwa kuwa nakala ambayo haijawahi kurudishwa bado ni matumaini.

Na Jumapili moja kila mwezi tunazima umeme sisi wenyewe. Mara ya kwanza kabisa jenereta halikuwaka. Betri. UPS ilitubeba dakika tulizozihitaji kurudisha swichi kuu, na Jumatatu betri mpya ikanunuliwa bila mtu kuuliza maswali.

Mara ya pili mzee alipanda na daftari lake, akasimama mlangoni. Nilishusha swichi kuu. Viyoyozi vikanyamaza, na ukimya wake ulikuwa mzito kuliko nilivyoukumbuka; zikabaki feni za seva peke yake, na UPS ikaanza kulia mlio wake mmojammoja. Mwenzangu alikuwa anahesabu kwa sauti. Nane. Tisa. Kumi. Nje jenereta likakohoa mara moja, likakohoa tena, likashika. Kwenye kumi na nne taa zikarudi, na viyoyozi vikaanza kuvuta pumzi.

Mzee alikuwa ameshaandika tarehe. Akatazama saa yake ya mkononi, kisha ile ya ukutani, akaandika 1:14, na pembeni yake 7:14.

"Aliyezima umeme nimwandike nani?"

"Niandike mimi, mzee."

"Sababu?"

Nikamwambia majaribio ya jenereta. Akayaandika yote mawili, kwa herufi kubwa, taratibu. Kisha akaligeuza daftari upande wangu na kunipa kalamu nisaini.